Maji Ndani ya Oili: Lori Linaumwa Nini?



Kijijini lori kuukuu si chombo cha kuchezea. Lori ndilo linalobeba pamba kwenda kiwandani. Ndilo linaloleta mbolea, mabati ya shule na saruji ya zahanati. Pengine usiku ndilo linalomwahisha mgonjwa hospitali. Likisimama wiki moja wakati wa msimu, hasara yake inaingia katika kila nyumba.

Leo tutajifunza ugonjwa mmoja unaoua injini nyingi za malori ya zamani. Ugonjwa wenyewe ni maji na oili kuchanganyika ndani ya injini. Somo hili si la fundi peke yake. Ni la dereva, utingo, mwenyekiti na kila mwanachama mwenye hisa katika lori. Kwa nini? Kwa sababu fundi akikosea, anayelipa ni sisi. Asiyejua ugonjwa huuziwa dawa yoyote.

Soma polepole. Ukifika kwenye neno gumu, angalia orodha ya maneno mwisho wa somo.

1. TUANZE NA MFANO

Tuchukue mfano wa kijiji kimoja chenye lori la dizeli la silinda 6. Lori ni la zamani, lakini lina nguvu bado. Msimu wa pamba umefika. Magunia yamejaa ghalani na mawingu ya mvua yameanza kuonekana.

Utingo wa lori hilo ni baba wa watoto wanne. Alijifunza kusoma na kuandika ukubwani. Tangu amalize kisomo ana daftari lake dogo. Kila alfajiri, kabla injini haijawashwa, anapima maji na oili, kisha anaandika. Wenzake wanamcheka. "Wewe unaliandikia lori barua?" Yeye haachi.

Wiki moja daftari lake lilisema hivi:

Jumatatu: Maji yamejaa. Oili katikati ya alama mbili.
Jumanne: Nimeongeza maji nusu lita. Oili katikati.
Jumatano: Nimeongeza maji lita 1. Oili imekaribia alama ya juu. Hatukuongeza oili.
Alhamisi: Nimeongeza maji lita 1. Oili imefika alama ya juu. Hatukuongeza oili.
Ijumaa: Nimeongeza maji lita 2. Oili imepita alama ya juu kwa upana wa kidole. Rangi yake kama chai ya maziwa.

Ijumaa hiyo utingo alimwita dereva. Dereva alitazama kijiti cha kupimia, akatikisa kichwa. Hakuwasha injini. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti.

Maneno yakaanza. Wengine wakasema, "Utingo amemimina maji kwenye tundu la oili kwa ujinga." Wengine wakasema vibaya zaidi: "Ameiba oili akauza, kisha akajazia maji ili tusijue." Jioni hiyo utingo alisimamishwa kazi. Mkewe alipokwenda kisimani hakuna aliyemsalimia.

Hebu fikiri, msomaji. Je, utingo ana kosa? Usijibu haraka. Kwanza tujue injini inavyofanya kazi.

2. NJIA MBILI ZISIZOKUTANA

Ndani ya injini mna njia mbili. Moja ni ya maji, nyingine ni ya oili.

Maji yanatoka kwenye rejeta. Pampu ya maji inayasukuma ndani ya bloku, yanazunguka silinda, yanapanda kwenye silinda hedi, kisha yanarudi kwenye rejeta kupozwa na upepo wa feni. Kazi ya maji ni kuondoa joto.

Oili inakaa chini, kwenye sampu. Pampu ya oili inaivuta na kuisukuma kwenye beringi za krenki, kwenye kemshafti na juu kwenye valvu. Kisha inadondoka yenyewe kurudi sampuni. Kazi ya oili ni kulainisha vyuma visisagane.

Njia hizi mbili ni kama vyumba viwili vya nyumba moja. Vinapakana, lakini kati yake mna ukuta. Ukuta ukitoboka, cha huku kinaingia kule. Basi, kuta hizo ni zipi?

(a) Gasketi ya silinda hedi. Inakaa kati ya bloku na hedi. Ina matundu ya maji, matundu ya oili na matundu makubwa ya silinda. Ikiungua kati ya tundu na tundu, vitu vinachanganyika.

(b) Slivu na oringi zake. Injini nyingi za malori makubwa ya zamani, kama zile za Scania 110 na 111, zina slivu za maji. Maana yake ni kwamba maji yanaigusa slivu kwa nje. Chini ya slivu mna pete za mpira ziitwazo oringi. Pete hizo ndizo zinazozuia maji yasidondoke sampuni. Mpira ukizeeka unakauka na kuwa mgumu kama ganda. Injini nyingine zina slivu kavu, zisizoguswa na maji. Hizo hazina oringi za namna hii.

(c) Kipoza-oili. Malori mengi yana chombo cha kupozea oili kwa maji. Ndani yake oili inapita upande mmoja na maji upande mwingine. Katikati mna chuma chembamba tu. Kikitoboka, basi.

(d) Chuma chenyewe. Silinda hedi au bloku inaweza kupasuka. Mara nyingi hedi hupasuka kati ya valvu na valvu, kwa sababu hapo pana joto kali sana.

3. NANI ANAMSUKUMA MWENZAKE?

Sehemu hii ndiyo ufunguo wa somo. Isome mara mbili.

Injini ikiwa inafanya kazi, oili inasukumwa kwa nguvu kubwa. Katika injini nyingi nguvu hiyo ni kama kilo 3 mpaka 5 kwa kila sentimita moja ya mraba. Maji ya rejeta hayana nguvu hiyo. Yana kama kilo 1 au pungufu. Kwa hiyo ukuta kati ya njia ya oili yenye nguvu na njia ya maji ukitoboka, oili ndiyo itakayoingia kwenye maji.

Injini ikizimwa, mambo yanageuka. Pampu ya oili imelala, nguvu ya oili ni sifuri. Lakini maji ya moto bado yanajisukuma, na rejeta iko juu. Sasa maji ndiyo yanaweza kupenya kwenda kwenye oili.

Je, oringi za slivu? Pale chini ya slivu hakuna oili yenye nguvu. Pana hewa ya sampuni tu na oili inayodondoka. Kwa hiyo oringi zikifa, maji yanadondoka sampuni mchana na usiku, lakini oili haipandi kwenye rejeta.

Sasa unaona? Tukijua nani amehama na nani amebaki nyumbani kwake, tunaanza kujua ukuta uliotoboka.

4. DALILI ZA KUANGALIA

Angalia injini ikiwa imepoa. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto. Maji yataruka na kukuunguza uso. Subiri mpaka uweze kushika rejeta kwa kiganja bila kuondoa mkono.

Dalili ya kwanza: Oili inapanda kwenye kijiti, na hakuna aliyeiongeza. Oili haizai. Ikipanda, kuna kitu kimeingia.

Dalili ya pili: Oili ina rangi ya chai ya maziwa, tena ni nzito kama uji mwepesi. Hapo mna maji. Lakini ikipanda huku ni nyeusi, nyepesi, na inanuka dizeli, basi kilichoingia ni dizeli. Huo ni ugonjwa mwingine. Waweza kutoka kwenye pampu ya dizeli au kwenye nozeli.

Dalili ya tatu: Maji ya rejeta yanapungua, na hakuna panapovuja nje.

Dalili ya nne: Juu ya maji ya rejeta mna mafuta yanayoelea, au utando kama samli chini ya kifuniko. Chovya kidole. Oili inateleza. Kutu haitelezi, nayo hutua chini. Usiite kila maji mekundu oili.

Dalili ya tano: Moshi mweupe unaotoka muda wote, hata injini ikishapata moto. Hapo maji yanaingia ndani ya silinda na kugeuka mvuke.

Tahadhari moja. Mahali penye baridi kama Njombe au Makete, waweza kuona povu jeupe kidogo chini ya kifuniko cha oili, hasa lori likifanya safari fupi fupi. Huo ni umande tu. Kama oili ya kwenye kijiti ni safi na maji ya rejeta hayapungui, usifungue injini. Lipeleke lori safari ndefu, injini ipate moto vizuri, kisha angalia tena.

5. VIPIMO VITANO

Ukishaona dalili, usiwashe injini tena kabla ya kipimo cha kwanza. Maji hayalainishi beringi. Saa chache tu za kazi kwenye oili ya maji zinaweza kuziharibu, na krenki pamoja nazo. Ugonjwa wa oringi unageuka kuwa ugonjwa wa injini nzima.

Kipimo cha 1: Kufungua nati ya sampu.
Lori lilale bila kuwashwa usiku kucha. Asubuhi weka ndoo safi chini. Legeza nati ya sampu taratibu. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo hukaa chini. Yakiwepo yatatoka kwanza. Pima kiasi chake, uandike.
Kama huna hakika, weka tone dogo la oili juu ya kipande cha bati lililopashwa moto. Simama mbali kidogo, kinga macho. Tone likilia na kurukaruka kama maji kwenye kikaango, lina maji. Likitoa moshi tu bila kulia, halina.

Kipimo cha 2: Kutazama rejeta.
Je, mna oili kwenye maji? Andika ndiyo au hapana. Jibu hili moja linagawa njia.

Kipimo cha 3: Mapovu.
Kipimo hiki kinahitaji kuwasha injini. Kwa hiyo kwanza lazima tujue kwamba hakuna maji juu ya pistoni. Maji hayabonyei kama hewa. Ukipiga stata huku silinda ina maji, pistoni itagonga maji na konrodi itapinda. Toa nozeli zote, kisha zungusha injini kwa mkono. Maji yakiruka kwenye tundu la nozeli, umeshapata silinda yenye ugonjwa. Acha kipimo hiki.
Kama hakuna maji, rudisha nozeli. Tia oili safi. Ondoa mkanda wa feni ili pampu ya maji isitibue maji. Jaza rejeta mpaka juu, acha kifuniko wazi. Washa injini ya baridi kwa dakika moja au mbili tu. Mapovu yakija mfululizo, upepo wa silinda unapenya kwenye maji. Shuku gasketi au hedi iliyopasuka.
Angalizo: lori lenye breki za upepo lina kompresa, na kompresa nyingi hupozwa kwa maji yale yale. Gasketi ya kompresa ikifa, nayo inasukuma upepo kwenye maji. Kabla ya kufungua hedi, tenga maji ya kompresa, urudie kipimo.

Kipimo cha 4: Kusukuma maji kwa pampu.
Hiki ndicho kipimo kikubwa. Mwaga oili, fungua sampu yote. Weka magogo imara kwenye magurudumu. Usiingie chini ya lori lililoshikiliwa na jeki peke yake. Funga pampu ya mkono yenye geji kwenye mdomo wa rejeta. Sukuma mpaka namba iliyoandikwa kwenye kifuniko cha rejeta. Usizidishe. Kisha ingia chini na tochi, utazame juu.
Maji yakidondoka kwenye ncha ya chini ya slivu, kwa nje yake, oringi zimekufa. Yakitelemka ndani ya slivu kwa kupita ubavuni mwa pistoni, yametoka juu, au slivu yenyewe imetoboka. Yakitelemka kwenye njia ya fito za valvu, shuku gasketi, hedi au bloku. Kuwa na subira. Pengine tone la kwanza linachukua saa nzima.

Kipimo cha 5: Kipoza-oili.
Fungua kipoza-oili. Ziba tundu moja la upande wa oili. Kwenye tundu la pili tia upepo wa kiasi, huku chombo kimezama ndani ya beseni la maji. Mapovu yakitoka upande wa maji, kimetoboka.

Sasa tukusanye majibu pamoja.

Oili nyingi kwenye rejeta, lakini hakuna mapovu wala moshi mweupe: anza na kipoza-oili.
Maji sampuni, rejeta haina oili, hakuna mapovu: anza na oringi za slivu.
Mapovu, moshi mweupe, injini inachemsha: anza na gasketi ya hedi, kisha hedi yenyewe.
Oili kwenye maji na kipoza-oili ni kizima: tazama gasketi na hedi, mahali ambapo njia ya oili inapakana na maji.

Kumbuka, haya ni mwanzo wa kutafuta. Hakikisha kwa kipimo kabla ya kununua spea.

6. TURUDI KIJIJINI

Jumamosi asubuhi kamati ilikaa chini ya mwembe karibu na lori. Fundi mmoja kijana alishasema, "Gasketi imekufa. Nipeni fedha." Mwingine alisema, "Injini hii kwisha. Uzeni chuma chakavu." Mama mweka hazina alikataa kufungua sanduku.

"Jamani," alisema, "mtoto akiwa na homa hatumpi kila dawa iliyoko dukani. Tujue kwanza anaumwa nini. Mimi nimemwita mzee aliyekuwa fundi wa malori ya ushirika."

Fundi mzee alifika na mfuko wa spana. Utingo alikuwa amesimama mbali, mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee," alisema utingo.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayepima maji?"

"Ndiyo mimi. Lakini wanasema..."

"Sijauliza wanasema nini. Umeandika popote?"

Utingo alitoa daftari. Mzee alivaa miwani, akasoma mstari kwa mstari. Kisha akafungua rejeta. Maji yalikuwa yamepungua tena, kama lita 1. Alichovya kidole. Hakuna oili. Akalegeza nati ya sampu. Maji yakatoka kwanza, kama lita 3. Baada yake ikafuata oili ya rangi ya chai ya maziwa.

"Mwenyekiti," alisema mzee, "hebu tufanye hesabu. Tangu Jumanne mpaka Ijumaa ameongeza lita ngapi?"

Mama mweka hazina alijumlisha: "Nusu, na 1, na 1, na 2. Lita 4 na nusu."

"Na usiku wa jana imepotea lita 1. Jumla?"

"Lita 5 na nusu."

"Ardhi chini ya lori ni kavu. Hakuna panapovuja nje. Maji hayo yamekwenda wapi? Lita 3 hizi hapa ndooni. Nyingine, kama lita 2 na nusu, zimo ndani ya oili hii iliyogeuka rangi. Sasa niambieni: mtu akimimina maji kwenye tundu la oili, rejeta itapungua?"

Watu walinyamaza.

"Haitapungua," alijibu dereva.

"Basi maji haya yametoka kwenye rejeta, yakapita ndani ya injini. Tutafute njia yake."

Nozeli zilitolewa, injini ikazungushwa kwa mkono. Hakuna maji yaliyoruka. Mzee aliuliza dereva kama aliona moshi mweupe au injini kuchemsha wiki hiyo. Dereva alisema hapana. Hivyo mzee hakuwasha injini. Alifungua sampu, akafunga pampu kwenye rejeta. Wote walingoja. Baada ya nusu saa aliita, "Mwenyekiti, njoo ulale hapa uone mwenyewe."

Mwenyekiti alilala chini na kanzu yake. Kwenye mwanga wa tochi aliona tone la maji linaning'inia chini ya slivu ya nne. Likadondoka. Likaja lingine.

Mwenyekiti alitoka chini ya lori, akajipangusa vumbi. Alimwendea utingo mbele ya watu wote.

"Ndugu yangu, tumekukosea," alisema. "Rudi kazini leo hii. Na maneno haya nitayasema tena kwenye mkutano wa kijiji, ili mkeo ayasikie."

Utingo alijibu neno moja tu: "Ahsante." Kisha akachukua kalamu, akaandika kwenye daftari: Jumamosi. Slivu ya nne inavuja chini.

7. MATENGENEZO

Kubadilisha oringi si kazi ya saa moja. Lazima hedi ifunguliwe, pistoni itolewe, slivu ivutwe. Kwa kuwa hedi imefunguliwa, gasketi mpya ni lazima. Usirudishe ya zamani.

Mambo ya kuangalia injini ikiwa wazi:

(a) Badilisha oringi za slivu zote 6, si ile moja tu. Zote zina umri mmoja.
(b) Tazama slivu kwa nje. Kama ina vishimo vidogo vidogo kama vimedonolewa na kuku, maji yameanza kuila. Kishimo kikipenya, oringi mpya haitasaidia.
(c) Safisha kutu mahali oringi zinapokaa. Oringi mpya ikilala juu ya kutu itavuja tena.
(d) Pima hedi kwa rula ya chuma iliyonyooka. Ikiwa imepinda, ipelekwe gereji yenye mashine. Itazamwe pia kama ina ufa.
(e) Fungua beringi za krenki uzitazame. Zikiwa zimechubuka, badilisha.
(f) Kaza bolti za hedi kwa mpangilio na kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha injini hiyo. Usikaze kwa kukisia.

Kisha tia oili mpya na filta mpya. Washa kwa muda mfupi, zima, tazama kijiti. Baada ya siku chache za kazi mwaga oili hiyo, utie nyingine, kwa sababu mabaki ya maji hujificha kwenye njia za oili. Ndiyo, ni gharama. Lakini krenki ni gharama zaidi.

Kama ugonjwa ulikuwa oili kwenye rejeta, osha njia ya maji kwa sabuni isiyo na povu jingi. Suuza mara nyingi mpaka maji yatoke safi. Mipira ya rejeta iliyovimba kwa oili itupwe.

Wapo wanaotia yai au unga wa binzari kwenye rejeta ili kuziba. Dawa hiyo inaziba hata njia nzuri. Injini ikichemsha baada ya hapo, usiulize kwa nini.

Oili chafu usiimwage karibu na kisima wala mtoni. Iweke kwenye pipa lenye kifuniko. Na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.

8. KINGA

Injini kuchemsha ni baba wa magonjwa haya. Injini ikichemsha hedi inapinda, gasketi inaungua, mpira wa oringi unakauka. Kwa hiyo:

Kaza mkanda wa feni. Safisha rejeta kwa nje, hasa wakati wa pamba, maana nyuzi zinaziba upepo. Usitoe themostati na kuitupa.

Usitie maji ya tope ya mtoni. Tope linatua ndani na chumvi inakula chuma. Maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa ni bora. Tia na dawa ya kuzuia kutu inayofaa injini yako.

Injini ikichemsha njiani, usiimwagie maji baridi. Chuma cha moto kikikutana na maji baridi kinapasuka kama chungu. Simama, acha ipoe, kisha ongeza maji kidogo kidogo.

Na la mwisho: kila lori liwe na daftari. Tarehe, maji yaliyoongezwa, kimo cha oili, rangi ya oili. Mistari minne tu kila alfajiri. Injini haina mdomo. Daftari ndilo litakalosema kwa niaba yake, na kwa niaba ya mtu asiye na kosa.

MANENO YA KUJIFUNZA

Sampu: beseni la oili chini ya injini.
Slivu: bomba la chuma ambamo pistoni inapanda na kushuka.
Oringi: pete ya mpira ya kuzuia maji au oili kupita.
Gasketi: karatasi ngumu au bati jembamba kati ya vyuma viwili.
Kipoza-oili: chombo cha kupozea oili kwa kutumia maji.
Kompresa: pampu ya upepo wa breki.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini maji hutoka kwanza unapolegeza nati ya sampu?
2. Injini inafanya kazi na kipoza-oili kimetoboka. Ni kipi kitaingia kwa mwenzake, oili au maji? Kwa nini?
3. Oili imepanda kwenye kijiti, ni nyepesi na inanuka dizeli. Je, huu ni ugonjwa wa somo la leo?
4. Ni jambo gani katika daftari lilionyesha kwamba utingo hakumimina maji kwenye oili?
5. Hesabu: Lori limeongezwa maji lita 1 na nusu Jumatatu, lita 2 Jumanne, na lita 2 na nusu Jumatano. Hakuna panapovuja nje. Sampu imefunguliwa, yakatoka maji lita 4. Lita ngapi hazijaonekana? Zinaweza kuwa wapi?
6. Kazi ya nyumbani: Chora daftari la lori, au la mashine ya kusaga ya kijiji chenu. Lijaze kwa siku saba.